Jinsi ya Kuharibu Dirisha la Alumini Eldoret

Umerudi na donge nono la mbio za ng'ambo, jumba limesimama Elgon View, na sasa wataka madirisha ya alumini yenye rangi ya dhahabu, yafanane na medali. Hongera. Tatizo ni kwamba Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, haina chumvi ya Mombasa ya kukusaidia kuyala. Itabidi ujitahidi mwenyewe.

Kwanza, amini kwamba anodaizi, ile kazi inayoyapa madirisha dhahabu hiyo, ni rangi ya kufichia makosa. Ukweli ni kinyume. Alumini huzamishwa kwenye tangi la asidi ya salfa, ikapitishiwa umeme, na utando mgumu wa maikroni 5 hadi 25 ukaota kutoka kwenye metali yenyewe. Kabla ya hapo huoshwa kwa soda kali, ambayo hula kila chembe ya metali kulingana na ilivyolala. Chembe ni nini? Tazama bati jipya la zinki: kila ua unaloliona ni chembe. Za alumini zikiwa ndogo na sawasawa, uso hung'aa kwa namna moja. Zikiwa zimenenepa kwa joto lililozidi kiwandani, anodaizi itakuanikia mabaka na michirizi yote.

Kwenye kona, mwambie fundi achomelee kwa waya wowote, kabla ya anodaizi. Ule wenye silikoni asilimia 5 hushika vizuri sana, kisha mshono hutoka tangini mweusi tititi.

Usiulize aloi. Ya madirisha, 6063, hairuhusu shaba kupita asilimia 0.1, lakini ile iliyoyeyushwa kutoka skrapu za injini haijali. Shaba hiyo hukusanyika mipakani mwa chembe, na kutu hupenya humo humo. Nje waona vitone tu. Ndani chembe zimeshaanza kuachana.

Hatimaye, weka madirisha kabla ya plasta na ubandue ile plastiki ya kinga, maana inakera macho. Utando huvumilia pH ya 4 hadi 8.5, ilhali saruji mbichi hupita 12. Ikiganda, isugue kwa asidi ya kusafishia vigae.

Utando ulioliwa haurudishwi dirisha likiwa ukutani. Ling'oe, livuliwe utando wote, lirudi tangini, na ulipe mara ya pili.