Sifa za Vikorokoro

Ng'ombe wameimbwa, wafalme wameimbwa, hata kasiksi, pombe ya ndizi, ina watu wake wa kuisifu. Vikorokoro havijapata mshairi. Nazungumzia ule mlundo ulio nyuma ya mlango, chini ya kitanda na juu ya dari: kidumu kilichopasuka, sufuria isiyo na mfuniko, redio iliyonyamaza, kiatu cha mguu wa kushoto, gurudumu la chukudu, skuta yetu ya mbao, lililokwisha mpira. Mgeni akiingia, mama mwenye nyumba huona haya na kusema, "Mutusamehe, humu kumejaa." Mama, usiombe msamaha. Leo nasimama kuutetea mlundo wako, na nautetea kutoka Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ambako una heshima ya pekee na maadui wenye bunduki.

Nianze na ukoo, maana mtukufu hasifiwi bila kutajiwa nasaba. Wanyanga wa Walikale wana shujaa wao Mwindo. Simulizi yake moja ndefu ilinukuliwa kwa fanani Candi Rureke mwaka 1956, ikachapishwa kitabuni mwaka 1969. Watoto wengine huja duniani mikono mitupu. Mwindo alizaliwa anacheka na kutembea, ameshika usinga mkono mmoja na tezo mkono wa pili, na begani ana mfuko wenye kamba ndefu. Hebu fikirieni mkunga mpenda unadhifu angesemaje: kamba ya nini kwa mtoto mchanga? Angeitupa jalalani kabla hajakata kitovu. Lakini Mwindo alipoteremka kuzimu kumsaka baba yake Shemwindo, ncha ya kamba ile ile alimwachia shangazi yake Iyangura, ili kwa mtikisiko wake ajue kama mtoto wa kaka yake yu hai. Usinga nao ulifufua wafu. Kwa hiyo ukimwona mzee wa Mubi anakunja kamba ya katani iliyokatika mara nne na kuisokota juani, usimcheke. Anafuata mila.

Upande wa pili wa kesi amesimama Marie Kondo, Mjapani ambaye kipindi chake cha kupanga nyumba kilianza kuonyeshwa Netflix Januari 2019. Fundisho lake linajulikana: shika kila kitu mkononi, jiulize kama kinakupa furaha, kisipokupa, kishukuru na ukiage. Sina ugomvi naye. Kusema asante kwa soksi ni adabu nzuri. Ila napenda kujua angemwambia nini mtoto wa Nyabiondo aliyebeba kidumu cha manjano cha lita 20, kimejaa maji, na mlima bado uko mbele yake. Furaha? Na bado hicho ndicho kitu cha mwisho ambacho nyumba ile ingekubali kuachana nacho.

Kidumu kinastahili kusimuliwa peke yake. Kinaingia nyumbani kikiwa na mafuta ya kupikia, kinahamia kwenye mawese kutoka Walikale, kinapanda cheo kuwa cha kasiksi, kisha kinashushwa kuwa cha maji. Siku kinapopasuka, fundi hupasha kisu moto na kuziba ufa kwa kipande cha kidumu mwenzake. Kikipasuka tena, hukatwa. Nusu ya chini huwa beseni la kuogeshea mtoto, kisha hori la kuku. Nusu ya juu huwa faneli kwa muuza petroli wa barabarani. Kinachobaki huwekwa nyuma ya mlango kikisubiri kazi nyingine, na kazi hiyo itakuja. Nani kati yetu ana maisha marefu ya ajira namna hiyo?

Kopo nalo lisisahauliwe. Kopo la maziwa la Guigoz liliacha kunyonyesha watoto zamani, likawa kipimo cha sokoni: maharage, mchele na unga huuzwa kwa guigoz, na mnunuzi hugombana na muuzaji kuhusu kilima cha juu yake. Makopo ya mafuta ya msaada yenye maandishi ya USA yakawa taa za koroboi, vikombe na vipande vya mlango. Shirika la USAID lilifungwa Julai 2025. Makopo yake hayajapata taarifa hiyo.

Katika sanduku la chini ya kitanda kuna karatasi, na hapa wapenda unadhifu hutetemeka kwa hamu. Kadi za uchaguzi za zamani, picha zimefifia. Jetoni za msaada za kambi ambazo hazipo tena. Noti za zaire zilizokufa tangu faranga ya Kongo ilipoingia mwaka 1998. Risiti ya shamba yenye muhuri usiosomeka. Tupa? Katika nchi ambayo kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha raia, na Masisi ambako Desemba 2023 uchaguzi wenyewe haukufanyika kwa sababu ya vita, kikaratasi kikuukuu ndicho kinachomwambia askari wa kizuizini kwamba wewe ni wewe. Zaire pekee nakubali haina kazi. Lakini ina sura ya Mobutu, na watoto huichezea duka.

Na hao wanaotufundisha kupunguza vitu, wanajua vyao vilitoka wapi? Rubaya, huku kwetu Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Kasiterite, madini ya bati, ya Bisie, Walikale, kwa miaka ilitolewa msituni mgongoni mwa wapagazi, gunia la kilo 50 kwa mtu, ikapandishwa ndege ndogo zilizokuwa zikitua katikati ya barabara pale Kilambo. Madini yanasafiri, yanakuwa simu, simu inachoka, inafungiwa kwenye droo huko London au Tokyo. Kisha analipwa mtaalamu aje kumsaidia mwenye droo kuifungua. Ndani yake kuna vipande vya milima yetu. Kwetu simu iliyokufa hupelekwa kwa fundi: spika inaokoa moja, skrini inaokoa nyingine, na ganda hurudi nyumbani kupumzika mlundoni.

Nakiri mlundo una panya, na huko Walikale hata nyoka. Nakiri salongo ya Jumamosi, usafi wa pamoja tuliourithi enzi za Mobutu, husafisha uwanja kwa kusukumia kila kitu ndani.

Ila tumekwisha jaribu nyumba tupu. Masisi ina mwalimu wa kupunguza vitu aliye mkali kuliko yule wa Japani: tangu 1993 amekuja mara nyingi, na somo lake halizidi dakika tano. Risasi zinalia, mgongo una nafasi ya mtoto na godoro, kichwa kina nafasi ya sufuria. Walio na dakika ya sita huzika majembe na vyungu migombani. Baada ya hapo wanakuja wasaidizi wake, wanaomalizia kazi hadi kwenye mabati na mbao za ukuta. Januari 2025 alipita Masisi-centre na Sake, Machi akafika Walikale. Februari kambi za waliokimbia vita, Bulengo na Lushagala, zilifumuliwa kwa siku chache, watu wakarudi kukuta nyumba nadhifu ajabu: hakuna hata kijiko.

Basi ukikuta nyumba Kitshanga ina vidumu vitatu vibovu na redio mbili mfu, jua wenyewe wamelala humo miaka kadhaa bila kukurupushwa. Na jirani aliyerudi jana kutoka kambini ataanza maisha na sufuria ile isiyo na mfuniko, maana hakuna anayeweza kuazimwa kitu na mtu asiyekuwa na cha ziada.

Kwa hiyo ndugu unayetuletea kitabu cha kupanga nyumba, karibu sana, kalia kidumu. Kitabu tuachie. Hatutakitupa: karatasi zake zinafaa kufungia karanga.