Ndala Inasingiziwa

Ukutani kuna alama ya ndala, na alama hiyo ni kumbukumbu ya mende aliyeondoka salama. Mpigaji huilaumu ndala, au taa, au mtoto aliyepiga kelele kabla ya wakati. Wote hao wanasingiziwa: tunakosa kwa sababu tunamvizia kiumbe aliyekwisha kupata habari. Mkiani mwa mende kuna vijipembe viwili, kila kimoja na vinyweleo kama 200 vinavyohisi upepo unaosukumwa na ndala ingali njiani. Hageuki hata kutazama. Yule mkubwa mwekundu hutimua mbio zinazofika mita moja na nusu kwa sekunde. Unaweza kunyata peku na kubana pumzi, lakini ndala isiyosukuma upepo bado haijashonwa.

Nzi ana ujanja zaidi. Macho yake hutenganisha mimweko zaidi ya 200 kwa sekunde, yetu huishia kwenye 60 hivi, kwa hiyo kofi letu la umeme yeye huliona likija kama mkokoteni unaopanda mlima. Mwaka 2008 Gwyneth Card na Michael Dickinson wa Caltech, Marekani, waliwapiga nzi wa matunda picha za kasi, wakaona kwamba kabla ya kuruka nzi hupanga miguu yake ili arukie upande ulio mbali na hatari. Wewe bado unakunja ndita, mwenzako ameshakata tiketi.

Mbona basi wengine hufa? Hufa hasa waliozama kwenye mlo, na wahenga hawakukosea: nzi kufa juu ya kidonda si haramu. (Mlo wenyewe huuonja kwa miguu, ndiyo maana hutembea juu ya wali kabla ya kukaribishwa.) Na kama wadudu wana hisi kali hivyo, mbu anajitangazia nini sikioni? Hana haja na sikio. Anafuata kaboni dioksidi tunayoipumua, na sikio ni jirani wa pua. Jike wa Anopheles gambiae, mwenye malaria yake, hupenda pia miguu: Bart Knols na Ruurd de Jong walipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2006 kwa kuonyesha kwamba jibini la Limburger humvutia sawa na harufu ya nyayo za mtu.

Basi ukimlenga nzi, usipige alipo. Piga mbele kidogo, kule anakokusudia kurukia. Na soksi za jana, tafadhali, zitoe chumbani.