Mbwa Asiyeona na Kigoda Kisichohama

Katika kata ya Chiwanda, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, mbwa huingia katika kaya kwa cheo cha mfanyakazi: hutarajiwa kubweka usiku, kufukuza nyani na nguruwe pori wanaovamia mihogo, na kula kilichobaki baada ya watu kushiba, ambacho mara nyingi si kingi. Kwa masharti hayo ya ajira, mbwa aliyepoteza macho huhesabiwa kuwa amestaafu bila mafao, na msamaria anayemwokota njiani kwa nia ya kumtafutia makao mapya hupambana na methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe; maana kila anayeombwa kumpokea mbwa huyo huuliza kwanza ni jembe gani ataliweza.

Upofu wa mbwa una sababu kadhaa zinazofahamika kwa wataalamu wa mifugo. Mbwa mzee hupata mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoziba lenzi. Mbwa mchokozi hukutana na swila, nyoka anayetema sumu akilenga macho ya anayemsumbua. Na mbwa aliyeumwa na mbung'o anaweza kupata nagana, ugonjwa wa damu ulio ndugu wa malale ya binadamu, ambao huweza kuligeuza jicho likawa na rangi ya maziwa. Majirani huongeza sababu ya nne, kwamba mbwa huyo aliona usiku jambo ambalo hakutakiwa kulishuhudia. Hoja hiyo hutegemea imani iliyoenea kwamba mbwa huwaona wachawi, na kwamba binadamu akijipaka tongo za mbwa, yaani uchafu unaoganda pembeni mwa macho, naye atawaona; ndiyo maana msamaria huweza kuvutwa kando na mtu mzima anayeheshimika, akaulizwa kwa sauti ya chini kama tongo za mbwa kipofu bado zina nguvu.

Mwendo wa mbwa huyo nao huleta balaa lake. Kwa kuwa hutembea kichwa chini, akinyanyua miguu ya mbele juu kuliko kawaida na kujigonga mahali ambapo mbwa mwingine angepita, anayemwona kwa mbali humdhania kuwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo na ambao, dalili zikishajitokeza, karibu hauna tiba. Hofu hiyo si ya kuchekwa, kwani Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huo, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Msamaria mwenye busara huhakikisha kwanza kwamba mbwa amechanjwa na cheti kimetolewa, ingawa cheti hicho husaidia kidogo sana pale ambapo wanafunzi waliokuwa wakirudi kutoka shule wamekwisha kupanda mwembe, kwa sababu mwandiko wake hausomeki kutoka huko juu.

Kazi ya kumtangaza ni ngumu zaidi. Jijini Nairobi, chama cha kulinda na kutunza wanyama kinachojulikana kwa kifupi kama KSPCA kina makao ambamo anayetaka mbwa huenda akamchagua; Chiwanda haina makao ya namna hiyo, hivyo habari husafiri kwa mdomo kutoka mwaloni, mahali mitumbwi inapotia nanga, hadi dukani, na kutoka dukani hadi kwenye matangazo ya Jumapili kanisani, ambako hupangwa kati ya ndoa zinazokusudiwa na mchango wa mabati. Katika safari hiyo, mbwa kipofu hugeuka kwa urahisi kuwa mbwa wa kipofu, ambaye ni kiumbe tofauti kabisa: ni mbwa aliyefunzwa kumwongoza mtu asiyeona, fani ambayo shule yake ya kwanza ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916.

Kabla kosa hilo halijazaa matunda, wapokeaji wa kawaida hujitokeza. Mwenye duka hutaka mbwa mkali, naye huondoka mara tu mbwa anapoubwekea ukuta. Kaya zenye huruma humpokea kwa furaha, na hapo ndipo taabu inapoanza, kwa sababu mbwa asiyeona huishi kwa pua, ambayo inaweza kuwa na vipokezi vya harufu milioni 300 dhidi ya milioni 6 hivi za binadamu, na kwa kumbukumbu ya mahali kila kitu kilipo. Kaya yenye huruma huwa na watu wengi, na watu wengi huhamisha vitu: viti hufuata kivuli, kinu hufuata mtwangaji, nyavu huanikwa leo hapa na kesho pale. Mbwa aliyejifunza asubuhi kukizunguka kinu vizuri kabisa hukivaa jioni kwa kifua, kisha hutumbukia katika beseni la usipa, dagaa wa ziwa hilo, waliokuwa wakisubiri kuanikwa kichanjani. Na akiisha kutumbukia huanza kula kwa utulivu wa mtu aliyefika alikokuwa akienda. Huruma ya kaya hiyo huishia chini ya beseni.

Ndipo hufika mzee mmoja asiyeona, aliyesikia tangazo lililopinda, akiongozwa na mjukuu aliyeshika ncha ya fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, huyo wa kuniongoza yuko wapi?"

Anapoelezwa kwamba anayetafutiwa nyumba ndiye asiyeona, mzee hunyamaza kidogo, kisha huuliza ni nani basi atakayemshika mwenzake mkono. Mjukuu, aliyeona kazi yake ikiongezeka maradufu, hudakia: "Babu, mimi nina fimbo moja tu."

Hata hivyo, nyumba ya mzee huyo ina sifa ambayo msamaria alipaswa kuiulizia tangu mwanzo, badala ya kupima ukubwa wa mioyo ya watu. Kwa ajili ya babu, kigoda hakihami kutoka kuume kwa mlango, mtungi hautoki nyuma ya kigoda, na anayeacha ndoo njiani husemwa hadi jua kuzama. Mbwa huimaliza ramani ya ua huo kwa siku chache, na jembe lake hupatikana bila kutafutwa: kwa kuwa anajua mahali pa kila kitu, hubweka kwa nguvu kila anaposikia kitu kikiwa mahali pasipo pake, na mwizi wa usiku, ambaye giza humfanya naye awe nusu kipofu, ni kitu cha aina hiyo hasa. Anayeumia ni mkamwana wa nyumba, ambaye zamani alikaripiwa na mkazi mmoja tu kwa kusogeza ndoo, na sasa akiamka alfajiri kuteka maji hupigiwa kelele zilezile apigiwazo mwizi.