Muulize Shangazi Kaja: Ndege Mbili, au Treni na Boti?

Wenye maswali ya mapenzi mnisamehe, wiki hii mtasubiri. Likizo inakaribia, na barua zote zilizo mezani kwangu zina watoto, mizigo na wakwe. Kwa waliouliza: ndiyo, jina langu limetokana na lile begi la mistari. Nimelibeba kwenye treni, kwenye boti na kwenye ndege, na zipu imenikatikia kotekote, kwa hiyo sina upendeleo.

*

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtumishi wa serikali, nilihamia Dodoma pamoja na ofisi. Shemeji yangu anaoa Unguja mwezi ujao. Tuko saba: mimi, mke wangu, mama mkwe, na watoto wa miaka 14, 10, 7 na 3. Mke wangu anataka ndege: Dodoma hadi Dar, tunabadilisha, tunatua Zanzibar. Mimi nasema treni ya SGR halafu boti. Mama mkwe hasemi kitu, anavuta tasbihi. Tufanyeje? — Baba Wanne, Dodoma*

Marahaba, Baba Wanne. Tuanze na huyo aliyenyamaza. Mama mkwe anayevuta tasbihi wakati watu wanajadili nauli ameshaamua zamani. Anangoja mkosee ndipo aseme. Nitamrudia.

Hesabu kwanza, maana najua ndiyo iliyokuleta. Nauli ya SGR daraja la kawaida, Dodoma hadi Dar, ilipotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, wa chini ya hapo bure. Nyie wakubwa watatu ni 93,000. Huyo wa miaka 14 kwenye tiketi ni mtu mzima, hata kama nyumbani haoshi sahani: 31,000. Wa 10 na wa 7 kwa pamoja wanakula 31,000 nyingine. Mdogo anapakatwa. Jumla 155,000 kwa watu saba, bado boti. Kwenye ndege mtoto akishatimiza miaka 2 hapakatwi tena, anakatiwa kiti chake. Yaani wa miaka 3 unamnunulia kiti ambacho, kwa uzoefu wangu, hatakikalia hata dakika kumi. Zidisha kwa ndege mbili, kwenda na kurudi. Jibu sikuandikii, presha yako siijui.

Mkeo naye ana hoja. Atasema Dodoma hadi Dar angani ni saa moja na ushei, Dar hadi Unguja dakika 20 hivi, wakati treni peke yake ni kama saa nne na boti karibu saa mbili. Yote kweli. Ila safari ya kuunganisha usiipime kwa muda wa kuruka. Pima ile katikati yake: mmeshuka hapa, hamjapanda pale, mmoja anataka choo, mwingine anataka chipsi, begi moja halijatokea, na anayejua namba ya lango ni mtoto wa miaka 7, naye amekasirika.

Makao makuu yetu yana kichekesho chake. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko mjini, na stesheni ya SGR iko Mkonze, nje ya mji. Ukifika Dar mambo yanapinduka: uwanja ndio uko mbali, na stesheni iko mjini kabisa, kama kilomita moja tu kutoka gati la boti. Kwa hiyo ukienda kwa treni usumbufu unauanza alfajiri, watoto bado wana usingizi na hawana nguvu za kubishana. Ukienda kwa ndege unauahirisha mpaka Dar, saa sita mchana, kwenye joto. Mimi usumbufu napenda niumalize mapema.

Halafu kuna jambo la tiketi, na hapa naomba mkeo naye asome. Kama mtapanda ndege mbili, hakikisheni safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja. Hapo ndege ya kwanza ikichelewa, ni shauri la waliowauzia kuwatafutia nyingine, na mabegi yanapelekwa moja kwa moja. Mkinunua tiketi mbili tofauti kwa sababu moja ni nafuu, mzigo wote wa balaa ni wenu. Nayasema haya nikiwa mhanga. Miaka fulani niliokoa shilingi elfu arobaini kwa ujanja huo. Ndege ya kwanza ilichelewa dakika 50. Ya pili ilikuwa ndogo na iliondokea Terminal 1, mimi nimeshukia Terminal 2, na wanaoujua uwanja wa Dar wanajua kuwa hapo si kuvuka korido, ni kutafuta teksi. Nilifika natweta. Binti wa kaunta akaniambia kwa upole mkubwa kwamba kwenye mfumo mimi ni abiria ambaye hakutokea. Nimesimama mbele yake, na kilo 19, na naambiwa sijatokea.

Lakini usikimbilie kumcheka mkeo. Treni nayo si ya malaika. Agosti 2024, siku chache tu baada ya safari za Dodoma kuzinduliwa, treni ilipata hitilafu ya umeme, na shirika la reli likaeleza kuwa chanzo ni ngedere na bundi. Mimi nililipokea hilo vizuri. Ukichelewa kwa sababu ya ukungu au fundi hakuna wa kumsimulia, lakini ukichelewa kwa sababu ya bundi, harusini utasikilizwa usiku kucha, na wazee watakuuliza alilia mara ngapi.

Cha kukumbuka ni kwamba boti za mwendokasi huondoka mara kadhaa mchana, na ya mwisho ni alasiri. Kwa hiyo pandeni treni ya asubuhi, mkikosa boti moja mnangoja inayofuata mkila mihogo. Mkipanda treni ya mchana, hamna cha kungoja. Mtalala Dar kwa ndugu, nyote saba, na huyo ndugu atakuja harusini amenuna.

Sasa mama mkwe. Bila shaka anachokikumbuka yeye ni reli ya zamani, ile ya mita moja ambayo Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914. Kwenye hiyo mtu alikuwa akilala njiani na kuamka na vumbi masikioni. Mwambie hii ni ya umeme, inafika kilomita 160 kwa saa, na ina choo kinachofungika mlango. Mkalishe dirishani kabla ya Kilosa ili aone mahandaki. Kwenye boti ndipo uwe mwangalifu. Kama ni msimu wa kusi, mkondo ule hauna adabu. Mweke chini, katikati au nyuma kidogo ambako chombo hakirukiruki, umpe tangawizi, na vifuko vinavyogawiwa uchukue viwili. Akitapika, wewe ndiye uliyeitaka boti. Hata mjukuu wako atasimuliwa.

Na mkeo? Baba Wanne, mkeo hataki ndege. Anataka kupokelewa. Anaiona picha yake akishuka ngazi, shela inapepea, dada zake wanampungia. Basi wapigie simu hao dada waje gati la Malindi na maua ya asmini. Boti nayo ina ngazi, na upepo wa kupeperusha shela ni wa uhakika zaidi.

Kwenda, treni na boti. Kurudi, usiniulize, mtakuwa mmeshachanga harusini, na chaguo halitakuwepo.

*

*Shangazi, hujambo? Tuko Kisumu, watu watano, Desemba tunaenda pwani, Diani. Bwanangu amesikia SGR ina viti vya kuangaliana na ameshaanza kununua karata. Mimi naona tupande ndege hapa, tubadilishe Nairobi, tushuke Mombasa, basi. Nani ana haki? — Njia Panda, Kisumu*

Sijambo, Njia Panda. Bwanako ni mtu hatari: anapanga safari ya watoto kwa kufuata raha yake. Hata hivyo ana haki kwa sababu ambayo hajaitaja.

Kama mngekuwa mnaenda mjini Mombasa au Nyali ningekuunga mkono, mradi tiketi iwe moja. Lakini mnaenda Diani. Mombasa Terminus iko Miritini, na ile barabara ya Dongo Kundu inaanzia huko huko na kuwatoa pwani ya kusini bila kukiona kivuko cha Likoni. Anayemkumbuka mtoto wa miaka mitano aliyefungiwa ndani ya gari kwenye foleni ya Likoni, mchana wa Desemba, atakuelewa nisemapo kuwa barabara hiyo inastahili kuimbiwa taarabu.

Tatizo lenu ni Kisumu hadi Nairobi, maana SGR haiji kuwachukua nyumbani. Bwanako atasema: twende kwa ndege asubuhi, dakika 45 tuko uwanja wa JKIA, stesheni ya Syokimau si mbali, tuunge na treni ya alasiri. Ramani inamuunga mkono. Ila hiyo ni ndege na treni, kampuni mbili zisizosalimiana. Ndege ikikawia, treni haitamuuliza yuko wapi. Na Syokimau usifikirie ni kufika na kupanda. Mabegi yatapangwa mstari yanuswe na mbwa, na mbwa hana haraka. Laleni Nairobi usiku mmoja kwa ndugu, kesho yake mpande mkiwa mmetulia. Mkiwa na haraka, chukueni ile isiyosimamasimama, ni kama saa tano. Mkiwa na watoto wanaopenda kuhesabu stesheni, ile inayosimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi ina mengi, na Tsavo ndovu wako pande zote mbili za reli, wamejipaka udongo mwekundu. Watoto wako wataangalia simu. Waonyeshe tu.

Kuhusu hivyo viti: daraja la kawaida, ambalo nauli yake tangu Januari 2024 imepanda kutoka shilingi za Kenya 1,000 hadi 1,500, lina viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na vinaangaliana kweli. Nyie ni watano. Mkikaa upande wa watatu-kwa-watatu, kiti cha sita kina mgeni, na magoti yake, na kwa saa tano atajua karata za kila mtu na matokeo ya mtihani ya kila mtoto. Bwanako amkaribishe mchezoni mapema. Na tiketi za Desemba zinunuliwe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

*

*Shikamoo Shangazi. Naishi Hamburg. Mama yangu anakuja kutoka Dar kunisaidia uzazi, anatua Frankfurt. Nimuunganishie ndege au treni? Mume wangu, Mjerumani, anasema treni, eti kwao treni ni za uhakika. — Mzazi Mtarajiwa*

Marahaba, na hongera. Ndege, mwanangu, na iwe kwenye tiketi ile ile. Mwombee msaada wa kiti cha magurudumu hata kama anakimbia kuliko wewe. Yule anayesukuma kiti ndiye anayeijua njia, na pasipoti itakaguliwa hapo hapo Frankfurt, mahali ambapo peke yake angeweza kuzunguka mpaka mtoto azaliwe.

Treni ingefaa kama mngekuwa naye. Stesheni iko ng'ambo tu ya Terminal 1, mnavuka daraja la ndani, kama saa nne mko Hamburg. Lakini Mama peke yake, na mabegi mawili ya kilo 23 yenye unga wa muhogo, ngazi za behewa, na tangazo la Kijerumani kwamba behewa lililokuwa lisimame mbele sasa litasimama nyuma? Hapana.

Na mume wako mwambie kwa heshima: mwaka 2024 zaidi ya theluthi moja ya treni za masafa marefu za kwao zilichelewa, na huko treni ikichelewa dakika tano inahesabiwa imewahi. Atanuna. Mpe chapati.

*

*Shangazi, mwanangu hutapika kwenye basi, boti na ndege. Treni je? — Mama Ndimu*

Kiti kinachoangalia mbele, dirishani, asisome wala asishike simu. Na usimpe mayai ya kuchemsha kabla ya safari. Najua umempa.

*Shangazi, wanangu wawili wote wanataka dirisha. — Refa*

Ndiyo maana safari za kuunganisha ziliumbwa. Mmoja ndege ya kwanza, mwingine ya pili. Kwenye treni, badilisheni Morogoro.

*Jogoo wa zawadi anaruhusiwa wapi? — Mkwe Mpya*

Anaruhusiwa kubaki. Mpelekee mkweo pesa ya jogoo kwa simu, na gharama ya kutolea.

*Shangazi, wewe mwenyewe ukienda Dodoma unasafirije? — Mdadisi, Tanga*

Kwa basi. Nauli ya treni nilimkopesha Baba Wanne.