Sauti ya Pili

Ilianza siku tuliporudi kutoka Sake. Mume wangu aliingiza gari uani, hapa Himbi, mjini Goma, akaliacha lingurume dakika moja kabla ya kulizima, kama afanyavyo siku zote ili turbo ipoe. Alipokanyaga mafuta kidogo tukasikia: tra-ta-ta-ta, kama mtu anatikisa bati lenye misumari. Mama mkwe, aliyekuwa bado kwenye kiti cha mbele na kuku wake wawili mapajani, alifungua mlango akatoka mbio. Alidhani ardhi inatetemeka tena.

Hakuna aliyemshangaa. Nyiragongo ilikuwa imelipuka jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021, na lava ikaja kusimama Buhene, ukingoni mwa mji. Siku zilizofuata ardhi haikutulia. Vyombo vilicheza kabatini, kuta zikapasuka, watoto wakalala na viatu miguuni. Usiku wa kuamkia tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru kata 10 za Goma zihamishwe. Himbi haikuwamo. Majengo ilikuwamo, na Majengo ndiko mama mkwe anakoishi. Mume wangu alikwenda kumchukua gizani, akarudi kutuchukua sisi, tukashika barabara ya Sake pamoja na nusu ya mji: malori, pikipiki, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba magodoro, na watu kwa miguu. Tulikuwa saba katika gari la watu watano. Lilikwenda polepole saa baada ya saa bila kuzima hata mara moja. Ndiyo maana hadi leo siwezi kuliita mchezo wa mwanamume.

Ni Subaru Impreza WRX, ya buluu, iliyotoka Japani ikapitia Mombasa, Kampala na Bunagana hadi kwetu. Usukani wake uko kulia, nasi Kongo tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo mama mkwe hukaa pale ambapo magari mengine yana dereva, na tunapotaka kupita lori yeye ndiye anayeona kwanza kinachokuja. Mume wangu alilitamani gari hilo tangu ujana wake. Mwaka 1997 alikuwa akiuza nguo Nairobi kwa mjomba wake, Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Impreza, na alikuwa amekwisha kusikia habari za Patrick Njiru, aliyemaliza wa 12 mwaka 1993 kwa Vivio, kigari chenye injini isiyofika hata sentimita za ujazo 700. Akilisimulia hili uso wake hurudi miaka ishirini. Nimeolewa na uso huo pia.

Fundi alikuja siku ya tatu. Alikuwa mtu mwema, amechoka. Siku zile kila gari la Goma lilikuwa limerudi na ugonjwa wake. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Ni biele, mama," aliniambia. "Kusine zimekwisha."

Biele ni ule mkono unaounganisha pistoni na mhimili mkuu wa injini, na kusine ni vile vibati laini vinavyouzunguka mhimili pale mkono unapoushika. Vikilika, chuma hugonga chuma, na usipozima mapema mkono huo unaweza kutoboa injini ukatokea nje. Kwa injini hii kuna taabu zaidi, kwa kuwa pistoni zake hazisimami. Zimelala mbili huku mbili kule, zikirushiana ngumi kama mabondia, na kuifungua vizuri kunataka itolewe yote garini. Fundi alishauri tununue injini kuukuu soko la Kisekka, Kampala. Dola 1,400 hadi ifike. Tulikuwa nazo, lakini zilikuwa za tangi la maji, na anayeishi Goma anajua maana ya kubeba madumu kutoka ziwani mwaka mzima.

Mume wangu hakubishana na mtu. Usiku ule alitoka peke yake na tochi, akamwaga oili ya injini ndani ya sufuria yangu kubwa, ile ya kupikia sombe wageni wakija. Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye ngazi, sufuria miguuni.

"Tazama," alisema.

Nilitazama. Ndani ya ule weusi kulikuwa na chembe zinazometa, ndogo kama vumbi la pambo. Alikuwa amepitisha sumaku na haikushika kitu, lakini fundi alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kusine hazishikwi na sumaku. Basi alikuwa amekesha na jibu lake. Sikuuliza habari za sufuria. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilijua kwamba kwake hili halikuwa gari tu; alikuwa anafikiri mlima ukilipuka tena atambeba mama yake kwa kitu gani.

Ni wakati wa kuosha vyombo ndipo wazo liliponijia. Sufuria ile ni ya alumini, na miaka yote nimeisugua kwa mchanga mweusi wa lava, kwa kuwa hakuna kinachoitoa masizi kama huo. Nilichukua ndogo yake, niliyoisugua vilevile, nikamimina humo mafuta ya kupikia, nikakoroga kwa mwiko, nikapeleka juani. Yalimeta vilevile.

Nilimwita. Alitazama muda mrefu, kisha akaenda kukifungua kichujio cha oili, akalikata gamba lake kwa msumeno wa chuma. Tuliikunjua karatasi ya ndani pamoja, tukaikamulia juu ya shashi nyeupe niliyotoka nayo kazini. Kichujio ndicho kinachokusanya kila kinacholika ndani ya injini. Shashi ilibaki na weusi mtupu. Hakuna kilichometa.

Mimi ni mkunga. Mtu hujifunza kazi hii kwa kutofautisha mioyo miwili. Ukiweka ile pembe ya mbao juu ya tumbo, unaweza kudhani unamsikia mtoto kumbe unasikia damu ya mama. Kwa hiyo mkono mmoja hushika kifundo cha mkono wa mama: ukisikiacho kikienda pamoja na vidole vyako, huyo ni mama; kikipishana navyo, huyo ni mtoto, ambaye moyo wake hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Nimewaona wenzangu wenye uzoefu wakikosea kwa kuruka hatua hiyo moja. Nikafikiri, hapa pia hakuna aliyeshika kifundo.

Tulitia oili mpya. Akawasha. Niliweka kiganja cha kushoto juu ya injini, na kwa mkono wa kulia nikashika bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, nikawa naihamisha mahali hadi mahali, mbali na mikanda inayozunguka. Chini ya kiganja kulikuwa na mpigo mmoja, sawa, usiokosea. Sikioni, pande zote mbili za pistoni, mpigo uleule. Akakanyaga mafuta polepole. Sindano ya mizunguko ilipofika 2,000, ile tra-ta-ta ikaja, na haikufuata kiganja changu. Ilikuja kwa vishindo, ikakosa, ikarudi. Ilipofika 2,600 ikanyamaza kabisa. Kitu kinachogonga ndani ya injini hakinyamazi hivyo kwa sababu umeongeza mwendo. Huyu alikuwa mwingine, na alikuwa chini.

Tulimwomba fundi arudi. Alikuja bila kinyongo, akachomoa umeme wa silinda moja baada ya nyingine huku injini ikiwaka. Kama ingekuwa biele, sauti ingebadilika silinda yake inapokosa moto. Haikubadilika kwa yoyote kati ya nne. "Mama ana sikio," alimwambia mume wangu, naye akaanza kulitafuta jembe ili achimbe shimo la kuingia chini ya gari.

Mama mkwe alisimama mahali alipokuwa anataka kuchimba.

"Hulali shimoni, mwanangu. Si huku kwenu."

Alikuwa na haki. Sisi tulio upande huu wa ziwa, Himbi hadi Keshero, tunaishi na mazuku: hewa ya ukaa inayopenya kwenye nyufa za lava, nzito kuliko hewa tuivutayo, isiyo na rangi, inayojilaza mabondeni na mashimoni kunapokosa upepo. Mbuzi hufa humo, na watu pia. Kwa wiki zile hakuna aliyejua ardhi inatoa nini. Mume wangu aliliweka jembe chini. Wakapandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao nene zilizopangwa, wakayazuia ya nyuma kwa mawe.

Ilikuwa Jumapili, 27 Juni. Safari Rally ilikuwa imerudi katika ubingwa wa dunia mara ya kwanza tangu 2002, na simu iliyokuwa imeegemezwa dirishani ilikuwa ikisema habari za Naivasha. Mume wangu hakuisikia. Alikuwa amelala chali, mkono umeingia hadi begani kando ya bomba la moshi linalopita chini ya injini. Bati la kukinga joto lilikuwa limeliwa na kutu kwenye tundu mbili kati ya tatu za boliti, na kati ya bati na bomba kulikuwa na jiwe la lava, kubwa kama punje ya haragwe. Fundi alilifunga bati kwa kolie mbili, zile bangili za chuma za kubania mipira ya maji. Dola tatu.

Mama mkwe alikataa kuamini hadi aketi mwenyewe kwenye kiti chake. "Kanyaga," alisema, macho kwenye sindano. Ikafika 2,000. Ikapita. Injini ilinguruma ile ngurumo yake nzito ya siku zote, na juu yake hapakuwa na kitu.

Alikuwa amekaa kwetu mwezi mzima, majirani zake wengi wamekwisha kurudi makwao. Alifunga mkanda.

"Niletee kuku wangu," aliniambia. "Twende Majengo."