Kesi ya Mguu Mbele ya Vijiti

Maradhi ya kriketi yakimpata mtu utotoni hayana dawa, nami yalinipata Dar es Salaam, nje ya uzio wa Gymkhana, ambako watoto tulikuwa tukiokota mipira iliyovuka na kuirudisha kwa ujira wa senti. Basi mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa mwaka 1974, nami nikahamishiwa Sumbawanga kuwa karani, nilipanda lori na sanduku, godoro na gongo langu la kriketi, na kila tuliposimama abiria wenzangu waliniuliza kwa taadhima nakwenda kusonga ugali wa watu wangapi.

Ufipa haina upungufu wa uwanja, maana nyasi zi tele na miti ni haba. Walio haba ni watu wa kuujaza. Niliwakusanya makarani, walimu, dereva, na mwenye duka mmoja wa Kihindi aliyetoa jamvi la makumbi tukalitandika katikati, kwa hatua kama ishirini. Ng'ombe wa plau walilipenda jamvi lile kuliko sisi. Upepo wa Julai, utokao milima ya Mbizi na kupenya hata koti la sufu, ulikuwa ukiviangusha vile vijiti viwili vidogo vya juu kabla mrushaji hajaanza kukimbia.

Mwamuzi wetu alikuwa mzee wa Kifipa, mshauri wa mahakama ya mwanzo, tuliyemchagua kwa insafu yake na kwa sababu alikuwa na kabuti refu lililofanana na vazi la waamuzi. Juu ya upepo alihukumu papo hapo kwamba hauhusiki na shauri, vijiti virudishwe. Nilipomweleza kwamba mpiga hatolewi ila wapinzani wadai kwa sauti, hata kama kosa lake ni dhahiri, alifurahi mno.

"Ni haki, bwana karani," akasema. "Pasipo mdai hapana kesi."

Kumbe furaha ile ilikuwa na matokeo. Siku mwalimu mmoja alipopigwa na mpira gotini, mbele ya vijiti, na sisi sote tukapaza sauti kudai, mzee hakuinua kidole wala hakutikisa kichwa, bali alikuja polepole mpaka kwenye jamvi, akauliza mguu ulikuwa wapi, akaamuru uwekwe tena pale pale, akamsikiliza mdai, akamsikiliza mdaiwa, kisha akataka shahidi asiye jamaa wa upande wo wote. Shahidi pekee alikuwa mchunga ng'ombe, naye wakati ule alikuwa akifukuza ndama.

"Shauri limeahirishwa," akasema mzee, "mpaka Jumamosi."

Kati ya siku hizo, Juni 1975, redio ilituletea habari za timu ya Afrika Mashariki kwenye Kombe la Dunia huko Uingereza, ambamo Tanzania ilikuwa na wachezaji wawili, mmojawapo Praful Mehta, mdakaji wa nyuma ya vijiti. New Zealand walipata mikimbio 309, Glenn Turner peke yake 171 bila kutolewa. Wetu wakajibu kwa 128, wakiwa wametolewa wanane tu hata ova 60 zikaisha. Tulihuzunika, walakini mzee alistaajabu. Watu wawili hawakupatikana na hatia, nanyi mwasema wameshindwa? Mechi za India na England nazo tulipoteza, lakini hizo sikumsimulia, kwa kuwa humo wetu walitolewa wote, nami nilichelea kumtia majonzi mtu wa makamo yake.

Jumamosi ilipofika mvua isiyo ya msimu ilinyesha, na Jumamosi iliyofuata mzee alikuwa na arusi Laela. Mwalimu naye akahamishiwa Mpanda kabla ya siku ya hukumu. Katika daftari langu angali na mikimbio yake kumi na minne, na maadam shauri halikukatwa, hajatolewa mpaka leo.