Namna ya Kushindwa Kisasa: Mwongozo kwa Mwenye Mtambo Mpya

Hongera. Mtambo umefika, umefungwa, utepe umekatwa na picha na mgeni rasmi umepiga. Kuanzia leo sampuli zako zinaandaliwa na mkono wa roboti: unapima, unamimina, unatikisa, unachuja na kudunga kwenye kromatografu inayotenganisha kemikali, wewe umekaa na chai yako. Zamani aliyetikisa mirija kwa mkono alionekana na wenzake akitikisa vibaya. Siku hizi makosa yanafanyika nyuma ya kioo, taratibu na kwa adabu, na wageni wanapiga makofi. Ni nafasi adimu. Usiipoteze.

Tuseme umepewa kazi ya kutafuta masalia ya viuatilifu kwenye kamba wa delta ya Rufiji na ufuta wa Kibiti. Nifuate.

1. Usiende delta

Delta ni matope, mbu, mikoko isiyoisha na boti inayosubiri maji yajae. Wewe ni mtu wa mtambo. Tuma mtu Nyamisati, mwambie alete kilo moja ya kamba, basi. Meli kubwa za kamba zilisimamishwa baada ya msimu wa 2007, zikakaa nje miaka mingi, na kazi ikabaki kwa wavuvi wadogo, kila mmoja na mkondo wake. Kwa hiyo ndoo moja ya mchuuzi inaweza kuwa na kamba wa huku kwenye mashamba ya mpunga na wa kule mlangoni mwa bahari. Hilo lisikusumbue, kamba ni kamba. Mzee aliyewavua akianza, "Mwanangu, hawa wa juu ni wa jana, ila hawa wa chini...", mjumbe wako amshukuru na aondoke kabla sentensi haijaisha.

Kwenye deli aweke barafu ya kutosha kufika Bungu. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam, barabara ya Kilwa itajua yenyewe. Jina la sampuli aliandike kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya daftari, kisha karatasi aitumbukize humo humo na kamba. Ikifika maabara, "Nyamisati" itakuwa imebaki "Nya" na doa la bluu. Hapo ndipo utakapoupenda mtambo: chapisha stika ya msimbopau, bandika, na tangu dakika hiyo sampuli ina utambulisho usio na shaka. Mtambo hauna mazoea ya kuuliza ilikotoka.

2. Saga kidogo

Vitabu vinataka kilo nzima igandishwe na isagwe ikiwa bado imeganda, iwe unga mmoja, ili gramu 10 utakazochota ziwakilishe ndoo yote. Kelele zote za nini? Kata mkia wa kamba mmoja mnene. Mizani ya roboti itaupima hadi tarakimu ya nne baada ya nukta, na mteja akiona tarakimu nne hataki kujua ni kamba wangapi.

3. Ufuta uende hivyo hivyo

Nusu ya ufuta ni mafuta, na punje yenyewe ni kavu. Kwa hiyo waangalifu hupima kiasi kidogo, huongeza maji na kungoja punje zilowe ndipo kiyeyushi cha asitonitraili kiingie, kisha hulaza mchujo kwenye friza usiku kucha mafuta yagande. Wewe una foleni. Tumia programu ile ile ya kamba. Baada ya wiki kadhaa mafuta yatakuwa yamejaa kwenye mdomo wa kromatografu, na vilele vya grafu yake vilivyokuwa vimechongoka vitakuwa vimelala ubavu. Andika barua ya kulalamikia ubora wa vipuri.

4. Safisha mpaka kisibaki kitu

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye ufundi.

Njia utakayoitumia ni QuEChERS, iliyotangazwa mwaka 2003 na Anastassiades, Lehotay na wenzao. Unatikisa sampuli na asitonitraili, unatia chumvi ili maji na kiyeyushi vitengane, kisha unasafisha mchujo kwa unga maalumu. Roboti inafanya usafi huo kwa kichujio kidogo mno. Aina moja maarufu ina unga wa miligramu 45 tu. Ndani yake mna PSA, unga unaokamata asidi zinazotoka kwenye chakula na kuchafua kipimo.

Sasa sikiliza, na usimwambie mtu. Dawa ya magugu inayotumika sana kwenye mpunga, 2,4-D, nayo ni asidi. Ukiipitisha kwenye PSA, inakamatwa pamoja na uchafu na kutupwa. Hata ikiponea, kromatografu ya gesi haiioni vizuri mpaka kwanza ibadilishwe umbo kwa kemikali. Wanaoitafuta kwa dhati huruka hatua ya PSA na kutumia kromatografia ya kimiminika. Ukifuata programu aliyoiacha fundi wa mauzo, utaitafuta dawa ya wakulima wa mpunga kwa njia iliyoahidi kutoiona. Mchujo utatoka mweupe unang'aa, na mtambo utakupa sifuri mara 96 mfululizo bila hata moja kutofautiana na mwenzake. Kwenye ripoti uite hali hiyo "urudifu bora".

5. Jipe maksi

Mkaguzi atataka ushahidi kwamba dawa haipotei njiani. Kwa kawaida unatia kiasi kinachojulikana kwenye kamba safi, unapitisha hatua zote, unaangalia kimerudi kiasi gani. Kati ya asilimia 70 na 120 inakubalika. Tatizo ni kwamba kipimo hiki kinasema kweli. Dawa ikitiwa mwanzoni, inapita njia ile ile yenye mashimo. Itie mwishoni, kwenye kichupa kilichokwisha kusafishwa, dakika moja kabla ya kudungwa. Utapata 99, utapata 101. Acha moja iwe 94, ili uonekane binadamu.

6. Bana matumizi

Asitonitraili ni ghali. Punguza mizunguko ya kuosha sindano. Ukipanga sampuli chafu kabla ya safi, masalia ya kwanza yatamtembelea jirani yake, na mkulima asiye na hatia atajikuta ana kiuatilifu asichowahi kukinunua. Kichupa kitupu cha kuhakikishia usafi kikionyesha kitu, kifute kwenye orodha. Kitupu hakina mteja.

Umeme ukikatika katikati ya usiku, asubuhi bonyeza "endelea". Usihesabu sampuli zimekaa saa ngapi kwenye joto.

7. Andika ripoti

Neno lako ni moja: "Haikugundulika." Usiseme mtambo unaweza kugundua kuanzia kiasi gani. Umoja wa Ulaya, pale ambapo kiuatilifu hakikupangiwa kiwango chake, hukubali miligramu 0.01 kwa kilo. Mtambo wako ukiwa hauoni chini ya 0.1, nyamaza. Mzee mmoja wa ofisini anaweza kukumbusha mwaka 1999, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa madai ya uvuvi wa sumu, na Tanzania ikangoja hadi mwaka 2000 kufunguliwa. Atasema siku ile kilichotakiwa ni namba zinazoaminika. Mwitikie kwa heshima, kisha mwonyeshe mkono wa roboti unavyozunguka. Wazee nao wanapenda.

Mkaguzi naye akija, mpeleke kwenye kioo kwanza, makabati baadaye. Akiomba sampuli ya akiba irudiwe maabara nyingine, mwambie iliharibika umeme ulipokatika. Usitaje kwamba ilikuwa Ijumaa, wala wali wa nazi, wala aliyeleta ndimu.